Mbwa aliyesimama mbele ya majani, na mkwe wangu niliyekuwa namkimbia

Wakuu, habari za humu. Wa kuniamkia naitikia marahaba mapema kabisa, maana kwa umri wangu sidhani kama humu ndani kuna mtu wa mimi kumwamkia.

Account hii kanifungulia mjukuu wangu hapa Soweto, Mbeya. Naandika kwa kidole kimoja na miwani imelegea, kwa hiyo mkiona herufi zimeruka mnivumilie. Ninayoyaleta yalinipata mimi mwenyewe. Pale ninapokumbuka nitasema, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Chumvi sina, daktari kanikataza hata ya kwenye mboga.

Mada ni kumfundisha mbwa mchanga kuwinda ndege, na kuishi naye nyumbani bila kumalizana na majirani. Nimeona vijana humu mnaulizana mbwa wa ulinzi tu, geti, fensi, mwizi. Mimi nitawapa ya mbwa wa ndege. Lakini ya mbwa hayaeleweki bila ya mkwe, kwa hiyo msiniharakishe.

Twende.

Ilikuwa miaka ya sabini katikati, wakati wa Operesheni, watu wanahamishwa kwenda kukaa pamoja kwenye vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mnyakyusa wa Tukuyu, nimezaliwa kwenye mvua na migomba, nikaolewa na Mhehe anaitwa Festo. Festo alikuwa Bwana Shamba, akapangiwa kijiji kimoja barabara ya kwenda Ruaha, kabla hujafika Idodi.

Jamani, joto. Nimetoka kwenye ubaridi wa Rungwe nikaingia pale nikaona kama nimewekwa jikoni. Vumbi, miiba, na usiku simba wanaunguruma ng'ambo ya mto. Kukaa bila kazi siwezi mpaka leo, na pale ndiyo kabisa. Nilikuwa nafagia uwanja mara tatu kwa siku.

Tulikuwa na nyumba ya vyumba viwili, mlango wa mbele na wa nyuma, jiko limejitenga. Shikeni hiyo milango miwili, nilikuwa naitumia sana.

Mwezi wa pili au wa tatu tangu tufike, likaja lori limembeba baba yake Festo. Jina lake sitaliandika. Kwetu mwanamke hatamki jina la baba wa mume wake, mimi sijawahi kulitamka tangu niolewe, na sitaanza leo kwenye internet. Mjueni kama mkwe.

Mkwe alikuwa mjane, mwindaji, amekaa peke yake na mbwa wake wawili kule bondeni, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka kijijini. Siku ya kuhamishwa lori lilikuwa limejaa watu na vitanda. Gobore lake lilipanda kwa sababu lina kibali. Mbwa hawakuwa na kibali, wakabaki.

Alisema walilikimbiza lori mpaka kwenye korongo, halafu hakuwaona tena.

Siku ya nne akaondoka. Hakuaga. Festo akamfuata kwa pikipiki, akamkuta amekaa kwenye kibaraza cha nyumba ambayo paa lake limeshashushwa, anapiga mluzi. Akarudishwa. Wiki mbili baadaye akaondoka tena, safari hiyo mgambo wakamtangulia. Wakamleta na onyo: akikutwa kule mara ya tatu atapelekwa wilayani na gobore litachukuliwa. Na hapo ni kama simba hawajamkuta kwanza, maana wiki ileile walikuwa wamemla mchungaji mmoja wa ng'ombe.

Hofu yetu ikawa hiyo moja. Mzee asiondoke tena.

Festo kazi yake ni kuzunguka vijijini, anaweza kukosekana siku tatu, siku tano. Wa kumlinda mzee nikabaki mimi, mtu pekee ambaye hakuruhusiwa hata kumwangalia.

Wenzangu wa Rungwe wa zamani mnajua ninachosema. Bibi aliyenilea hakuwa na mchezo kwenye hili. Baba mkwe hukutani naye. Ukisikia hatua zake, unatoka njiani, unajifunika kichwa, unageuka. Humtazami usoni, husemi naye, hukai alipokaa. Wengine kwetu walikuwa wameshaanza kulegeza, ukristo na shule, lakini mimi bibi alinishika sikio wiki nzima kabla ya harusi. Na kwetu mkwe mwenyewe anajua, anakohoa toka mbali ili mke wa mwanawe apate nafasi ya kupita.

Mkwe wangu Mhehe. Yeye hajui hayo. Nyumba ni ya mwanawe, akohoe ya nini?

Basi ikawa hivi: yeye anaingia mlango wa mbele, mimi natoka wa nyuma. Anakuja jikoni kuomba moto wa tumbaku, mimi naruka kupitia kwenye matuta ya mihogo. Chakula namwekea kwenye kigoda, nakimbia, napiga hodi ukutani ajue kimefika. Masikio yangu yalikuwa yamesimama kutwa nzima. Nikisikia kijiti kimevunjika, nimeshaondoka.

Festo alimweleza mara moja. Akasema eti mzee alicheka, akajibu kwamba mkwe wake anamkimbia kama ana ukoma. Festo naye akacheka. Wanaume bwana. Mimi sikuona la kuchekesha.

Sasa ndiyo mbwa.

Kulikuwa na mzungu mmoja mkulima wa tumbaku upande wa Iringa, anafunga virago anarudi kwao. Festo alikuwa anamfahamu kikazi. Yule mzungu alikuwa na jike la mbwa wa kuwindia ndege, limezaa. Akampa Festo mtoto mmoja, jike, wa miezi minne hivi. Mweupe, masikio ya kahawia yanaanguka, mwili mzima madoadoa. Mzungu alikuwa akimwita Dot, sisi tukaongeza i, akawa Doti.

Maelezo ya training tuliyopewa yalikuwa neno moja: "Ndege, ndege." Basi. Mzungu akapanda gari.

Festo akamleta amemfungia kifuani ndani ya koti, akampa baba yake. Alijua anachofanya. Mtu aliyezoea mbwa umpe mbwa, atakuwa na sababu ya kuamka hapo hapo alipo.

Na ilifanya kazi, kwa mwezi mmoja hivi. Mzee akaacha kuangalia njia. Nilikuwa namsikia nyuma ya nyumba anaongea na Doti kuliko alivyowahi kuongea na Festo.

Lakini yule mbwa, wakuu, alikuwa hatulii. Nilidhani mimi ndiye sina utulivu mpaka nilipomwona Doti. Anazunguka nyumba, anazunguka tena, pua chini. Alikula sabuni ya mche mzima. Alikula kandambili yangu, akala mshumaa, akafukua mbegu za karanga nilizopanda asubuhi ileile. Kuku akimwona tu anasimama. Anaganda, mguu mmoja juu, mkia umenyooka, anamtazama kuku wa Mama Atu, jirani yetu, mpaka kuku anachoka anaondoka. Watoto wa kijiji wakawa wanakuja kumwangalia wanacheka.

Doti akawa na walimu wawili wasiosemezana.

Mwalimu wa kwanza mkwe. Yeye alimfundisha kama alivyofundisha mbwa wake wote, na baba yake, na babu yake. Moja, mbwa hali kabla ya kuwinda. Mbwa mwenye shibe atawinda nini, alikuwa anasema. Pili, anasaga pilipili kichaa, anapuliza kidogo puani kwa bua ili pua izibuke. Tatu, mnyama akiuawa, mbwa apewe fungu lake palepale, utumbo wa moto, ajue amefanya kazi na mwenye mbwa si mchoyo. Hiyo ya tatu kwake ilikuwa haki kabisa. Kumnyima mbwa fungu lake ni kujitafutia mkosi.

Mwalimu wa pili mimi, na sikuajiriwa. Mzee akimwacha Doti na njaa, mimi jioni nampa ukoko wa ugali na mchuzi wa dagaa kwa kificho nyuma ya jiko. Nikamfundisha kungoja: sahani chini, akae, mpaka niseme haya. Akivamia, naondoa. Siku tatu akaelewa. Kuku nilimfundisha kwa kumfunga kamba karibu na banda, akinyoosha shingo namwambia hapana, akitulia nampa kitu. Pua nilikuwa namwosha kwa maji, maskini, inachuruzika.

Hakuna aliyeniambia kama nafanya sawa. Huruma tu.

Matatizo yakaja walipoanza kwenda porini.

Mbwa wa Kihehe aliyezoeleka anafukuza. Akinusa kitu anabweka, anatimua mbio, mwindaji nyuma yake, mbio mpaka mnyama achoke. Sasa Doti anafika kwenye majani, pua juu, halafu anaganda. Habweki. Hafukuzi. Anatetemeka kidogo, mguu mmoja juu, kama alivyokuwa anawafanyia kuku.

Mzee akaona ni woga. Mbwa anaogopa majani.

Akamsukuma, hasogei. Akamvuta kamba, hasogei. Akamchapa fimbo, Doti akalia, akalala chini, na purukushani ile ikafukuza kila kilichokuwa mbele. Wakarudi mikono mitupu. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu akarudi nasikia anamwambia Mama Atu kwamba maisha yake yote hajawahi kufuga mbwa mwoga, na kumbe mwanawe amemletea mbwa wa kupamba nyumba.

Jumla ndege waliouawa katika kipindi hicho ni mmoja, kwale aliyejirukia mwenyewe miguuni pa mzee. Doti akapewa utumbo wake palepale ingawa hakufanya lolote. Haki ni haki.

Nilikuwa nasikia fimbo. Nasikia mbwa analia, na mimi niko nyuma ya ukuta na siwezi kusema neno. Hasira niliyokuwa nayo, wakuu, nilikuwa natwanga mahindi mpaka mchi unachubua viganja.

Asubuhi moja naenda kuokota kuni, Doti akanifuata. Tukafika kwenye kichaka cha mkambala, ile miti ya miiba, nyasi kiunoni. Doti akaganda. Nikamwambia twende, hataki. Nikamwacha, nikapita mbele yake. Hatua ya nne au ya tano, nyasi zikapasuka. Kanga, kundi zima, kelele hizo, mabawa yamenipiga mpaka usoni. Nilikaa chini kwa mshtuko.

Nikamwangalia Doti. Alikuwa bado amesimama ananitazama, anangoja niseme haya.

Nikarudia upande wa pili wa kijito. Akaganda tena. Nikapita mbele yake. Kwale wawili.

Hapo ndipo nikaelewa. Mbwa haogopi. Mbwa anasema wako hapa. Amezaliwa nalo, damu ya mama yake, na mzee anampiga kwa sababu anafanya kazi yake.

Sasa nimwambie nani? Festo alikuwa ameitwa semina Mbeya, wiki mbili. Barua ingefika baada yake. Kwenda kwa mkwe mwenyewe, sikuweza. Msinicheke. Najua mnasema si umwambie tu, mdomo unao. Nilijaribu. Nilifika mpaka kona ya nyumba, nikasikia anavuta kiko, nikarudi jikoni.

Nikamtuma Mama Atu. Nikamweleza vizuri, polepole: mwambie mzee kwa heshima, Doti akisimama maana yake ndege wapo, asimpige, apite mbele. Mama Atu akaitikia ndiyo, ndiyo. Akaenda akamwambia mzee kwamba mkwe wako anasema hujui mbwa.

Niliyasikia toka nyuma ya ukuta.

Jioni ile alikaa nyuma ya nyumba, upande wa jiko. Alijua nipo ndani nakoroga mlenda. Akaanza kuongea na Doti, kwa sauti ya kunifikia.

"Doti," akasema, "hapa tumekaa mimi na wewe, na hapa hatutakiwi. Mwenye nyumba akiniona anakimbia. Sasa amesema na mbwa sijui. Kesho naenda kwangu. Wewe huwezi kuwinda, na kule sina cha kumlishia mbwa asiyewinda. Tutaachana njiani."

Nilielewa maneno yote, na hilo la mwisho nililielewa kuliko yote. Atamwua Doti porini, halafu ataendelea mpaka kwake, kwenye simba na mgambo.

Na sababu ni mimi. Mtu niliyekuwa namheshimu mpaka siwezi kupumua alikuwa anajiona takataka ndani ya nyumba yangu. Sikulala. Sitawaambia ya usiku, ilikuwa ni kugeuka tu.

Alfajiri akatoka. Gobore begani, kifurushi, Doti kwenye kamba. Nikakimbia kwa Mama Atu, mume wake kasafiri. Mwenyekiti wa kijiji yuko shamba la mbali. Kuwaambia mgambo ni kumpeleka mwenyewe rumande na bunduki ichukuliwe. Nikajifunga kitenge kiunoni, kingine kichwani, nikamfuata mwenyewe.

Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Kifungua mimba wangu.

Nikawa nyuma yake mbali, nikiona mgongo wake, akipotea kwenye kona nakimbia kidogo, nikimwona napunguza. Saa moja. Saa mbili. Jua likapanda. Kila hatua najiambia sasa nitamwita, sasa. Simwiti. Nikajitukana kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili.

Tulipofika kwenye mbuga ya nyasi ndefu, Doti akaganda, nami nikawakaribia.

Mzee akavuta kamba. Doti hakusogea. Akavuta tena, shingo ya mbwa inanyooka, miguu haing'oki. Mzee akasimama muda mrefu anamwangalia. Halafu akaachia kamba, akarudi nyuma hatua tatu, akashusha gobore begani.

Nikageuka. Nikampa mgongo, nikajifunika uso wote kwa kitenge, na nikasema. Nilimwita Tata, yaani baba.

"Tata, usimwue. Ndege wako mbele yake. Hesabu hatua tano."

Nikangoja mlio wa bunduki.

Badala yake nikasikia miguu kwenye nyasi. Moja, mbili, tatu, nne.

Kanga wakaruka. Kundi kubwa kuliko lile langu. Halafu gobore likalia, moshi ukanifikia pale nilipo, na kitu kikaanguka chini kwa kishindo.

Mngependa niwaambie Doti alimwokota yule kanga akamletea mzee mkononi. Hapana. Doti alimrukia akaanza kumla, niliona kwa pembe ya kitenge. Alikuwa hajala tangu jana, na alikuwa ameshafundishwa kwamba ndege akifa yeye apewe utumbo hapohapo, akaona afupishe safari. Mzee akapiga kelele, mimi nikapiga kelele, wote mara moja: hapana! Doti akakimbilia kwenye miiba na kanga wake, tukawa tunasikia mifupa inavunjika.

Na mzee akacheka. Mimi kwa mgongo nikacheka mpaka nikashika tumbo. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka hivyo.

Halafu akaniuliza, na swali lake nalikumbuka neno kwa neno.

"Mkwe, nilikukosea nini?"

Nikamwambia hujanikosea. Nikamwambia kwetu baba wa mume ni mkubwa mno, hatumtazami, tunampisha, ndivyo nilivyolelewa na ndivyo ninavyojua kuheshimu.

Akasema, "Sisi kwetu tunayemkimbia ni nyoka."

Nililia tu, na kitenge kikalowa.

Halafu akauliza nimetoka nyumbani saa ngapi, na nimekula nini. Nikasema sijala. Akauliza, tumbo hilo lina miezi mingapi. Kumbe alikuwa anaona, mimi nakimbia huku yeye anahesabu. Nikamwambia mitano. Akasema hapa ni pa simba, na yeye hawezi kuendelea na safari na kumwacha mjukuu wake porini, turudi.

Tukabishana nani atangulie. Nikitangulia ananiona mgongo tu, sawa, lakini kwetu simpiti mkwe njiani. Akitangulia, mimi nabaki nyuma na simba. Mwisho akatangulia yeye, Doti katikati, mimi nyuma, na kila baada ya hatua kadhaa anaita, "Doti, mama yako yupo?" Nami namjibu Doti kwamba nipo.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuongea.

Sasa wale wa training, hapa ndipo penu. Ilituchukua msimu mzima kurekebisha mdomo wa Doti. Mzee aliacha pilipili. Mtindo wa kumwacha mbwa na njaa ulimsumbua kuuacha, lakini nikawa namlisha Doti asubuhi na mzee anajifanya hajaona, baadaye akawa anasema mwenyewe, Doti, mwambie mama yako akupe chakula tunaondoka. Utumbo wa porini tukaufuta. Akileta ndege, anapewa tonge la ugali kutoka mfukoni mwa mzee, wanabadilishana. Mkosi haukuja. Mara mojamoja ndege alifika bila kichwa, hilo hatukuliweza kabisa. Akisimama, mzee anapita mbele yake taratibu. Kijiji kizima kilikula kanga, na Mama Atu alikuwa wa kwanza kwenye foleni, sikumnyima.

Festo aliporudi alimpeleka baba yake kwa pikipiki kule bondeni, kwa ruhusa ya mwenyekiti, akaangalie mbwa wake. Walipiga mluzi kutwa. Hawakuona kitu. Mzee akapanda pikipiki mwenyewe bila kuambiwa. Hakuondoka tena.

Aliishi nasi miaka tisa. Tulihamishiwa Mufindi, kisha Mbeya, tukaenda naye. Wanangu watatu aliwalea yeye. Mimi na yeye tuliongea kila siku, mimi nikiwa nimegeuka, au yeye yuko nje na mimi ndani, na Doti katikati mpaka alipozeeka akafa, kisha tukaongea kupitia watoto. Alijifunza kukohoa. Mila yangu sikuiacha, na yeye aliichukua kama yake.

Alipofariki, Festo akaja akanishika mkono. Akasema sasa unaweza. Nikaingia, wanawake wakanipisha. Nikaondoa kitenge, nikamwangalia.

Ilikuwa mara ya kwanza. Alikuwa na kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Kidevu ni cha mwanangu wa kwanza kabisa, hata huwezi kukosea. Miaka tisa nimempikia, namjua miguu yake, mgongo wake, kikohozi chake, na uso wake ulikuwa mgeni kwangu. Nikamwambia "Tata, ndimi," wakasikia wote.

Somo, maana najua mnataka somo. Mila siitukani, ilinilea. Lakini heshima usiyomweleza mtu, yeye anaiona dharau, na anaweza kufunga kifurushi chake wewe ukidhani unamtukuza. Sema mapema, na usimtume Mama Atu. La mbwa ni hilohilo: kabla hujamchapa kwa jambo usilolielewa, pita mbele yake uangalie.

Nimechoka, kidole kimevimba. Waliolelewa na mila ya kumpisha mkwe, mnaishije nayo siku hizi kwenye nyumba za kupanga zenye mlango mmoja? Na kama yuko anayejua namna ya kumzuia mbwa asile kichwa cha ndege, aniambie, hilo limebaki linanikera mpaka leo.